Bakuli la Mkemwenza

Mwanamume mzima, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, atasimamaje mlangoni pake asubuhi, majirani wakipita na ndoo za maji, aite kwa sauti: "Mkemwenza! Njoo, Mkemwenza!" Hakuweza. Kwa hiyo alimtafuta yule paka kama mwizi atafutavyo njia: nyuma ya choo, chini ya karo la kufulia, kwenye uchochoro. Alimwita kwa mnong'ono, na mtu akitokea alijifanya anakagua mtaro.

"Shikamoo mzee. Umepoteza nini?" aliuliza jirani yake, mama fundi cherehani, aliyekuwa ameshaketi kibarazani kwake na kazi magotini.

"Marahaba. Sijapoteza kitu. Natazama mtaro ulivyoziba. Hao wenye ofisi wanapita hapahapa kila siku, wameshika pua."

"Haya," alisema fundi cherehani, akakata uzi kwa meno. "Mimi nilidhani unamtafuta mwenzio."

Mzee akaingia ndani, masikio yanawaka moto.

Jina hilo hakulitoa yeye. Lilikuwa mzaha wa marehemu mkewe. Paka alipoingia humo ndani mara ya kwanza, kitoto cheupe chenye doa jeusi puani kama kilichochungulia sufuria, alikwenda moja kwa moja kitandani, akajilaza katikati ya mume na mke. Mke akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya baba, leo umeniletea mke mwenza bila hata kuniaga!" Jina likaganda. Alipokuwa hai, mke alisimama uani akaliita kwa sauti yake yote, mtaa ukacheka, na yeye akacheka nao. Alijua kuchekwa. Mumewe hakujua. Na sasa yeye aliyelitoa yuko chini ya udongo, aliyebaki angeliitaje? Watu wangesema mzee amepwaya akili, anaita wake wasiokuwepo.

Tena mtaa ulishampa yeye mwenyewe jina. Lawama. Mzee Lawama. Hakuna aliyelisema mbele yake, lakini alilijua, kama mtu anavyojua kwamba suruali yake imechanika nyuma. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majengo ya serikali, hadi wenye vyeo walipogundua kwamba kuta zinaweza kukaa bila rangi lakini wao hawawezi kukaa bila magari. Shule alionja tu, akaitema kabla haijamkolea. Mkewe alikufa kwa homa ya mapafu. Ukimuuliza yeye, alikufa kwa daktari aliyekuwa mkutanoni. Na huenda hapo alikuwa na haki. Lakini mtu akiwa na haki mara moja tu, huanza kuona haki yake kila mahali, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Chai ikimwagika, ni mwenye kiwanda cha vikombe. Kiatu kikimbana, ni waziri.

Mke hakumwachia maneno mengi. Mwisho pumzi ilikuwa haba, akawa anachagua la kusema kama mtu anayechambua mchele. Moja alilolichagua lilikuwa hili: "Mkemwenza usimpoteze. Ndiye atakayekuona ukiingia jioni." Mume akajibu, "Paka tu huyo, mama." Mke akafumba macho, hakubishana.

Na ilikuwa kweli. Tangu msiba, kila alipofungua mlango jioni, kitu cheupe kilishuka kutoka kwenye kiti cha marehemu, kikanyoosha mgongo, kikampita miguuni bila haraka. Hakikuwa na mapenzi makubwa. Kilimwona tu, basi. Wengine wote waliokuwa wakimwona akiingia walikuwa wamekwisha.

Sasa kiti kilikuwa kitupu.

*

Nyumba ile ilikuwa na kazi moja isiyokosa kila mwaka. Kiangazi kikikaza, mzee hupanda ngazi na kung'oa ubao mmoja chini ya ukingo wa paa, upande wa uani, ili joto la mabati lipate pa kutokea. Mawingu yakianza kukusanyika, huupigilia ubao uleule mahali pake, kwa sababu mvua ya upepo hupenya pale ikalowesha dari. Waliuita ubao wa mvua. Yeye hupanda, mke hushika ngazi. Na kila mwaka, akiwa kule juu na misumari mdomoni, mke humwambia, "Ngoja kwanza." Huingia ndani, hutoka na bakuli la bati la paka, hulipiga kwa kijiko, tin, tin, tin, huku akiita.

"Mama, wingu limeshakaa kichwani kwangu na wewe unapiga ngoma!" mzee hulalama kupitia misumari.

"Ngoja nimwone."

Paka akishatokea, mke hushika tena ngazi. "Haya, piga."

Mzee alidhani ni mambo ya wanawake. Kuna mwanamke hawezi kutia chumvi bila kusema bismillah, na kuna huyu wake, hawezi kuona msumari ukipigwa bila kumlisha paka. Hakuuliza. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya misumari ya siku hizi inavyopinda.

Mwaka huu mawingu yalikuja mapema, na hakukuwa na wa kushika ngazi. Aliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akapanda, akapigilia ubao. Msumari wa kwanza ulipinda, akamtukana mwenye duka. Mingine ilizama vizuri. Akashuka, akatazama kazi yake kutoka chini. "Safi," alisema. Lile bakuli la bati alikuwa amelificha nyuma ya pipa la unga tangu wiki ya msiba, maana kila alipoliona alimwona mkewe. Tangu hapo paka alikuwa akila kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki.

Jioni ile mfuniko ulibaki na chakula. Asubuhi sisimizi walikuwa wamekizunguka.

Sasa, siku ileile ya ubao, gari la usafi la manispaa lilikuwa limepita mtaani na kipaza sauti, likitangaza kwamba mbwa wasiofungwa watakamatwa. Nyuma ya gari alisimama yule msimamizi wa usafi ambaye watoto wanamwita Bwana Fagio, mrefu, mkimya, kofia imemfika masikioni. Mzee aliyakumbuka haya akiwa ameinama juu ya mtaro, akijifanya anakagua. Akanyooka polepole. Kila kitu kikakaa mahali pake. Aliona afueni kubwa, kama mtu aliyekuwa na mzigo na sasa amepata kichwa cha mwingine cha kuutwika.

*

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja na benchi mbili, na asubuhi ile benchi zilijaa watu wa kugongewa mihuri. Nyuma ya meza aliketi mwenyekiti wa mtaa, mama mnene wa sauti ya pole, aliyekuwa akiuza mkaa kabla ya kupewa kiti hicho na bado anapangusa mikono kila anaposhika karatasi.

"Karibu mzee wangu. Leo ni mtaro?"

Watu wakatabasamu.

"Leo ni paka," alisema.

Hapo walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kilimwingia kama maji ya baridi shingoni. Mtu akiona haya ana njia mbili, kuinama au kupiga kelele. Akapiga kelele.

"Chekeni! Leo paka wangu, kesho mbuzi wako, keshokutwa mtoto wako! Gari lao limepita na tarumbeta, na siku hiyohiyo paka wangu hayupo! Takataka hawazoi. Mtaro hawazibui. Taa ya pale kona imekufa tangu meno yangu yakiwa kamili. Lakini paka wa mgane wamemwona! Kodi zetu wamekula wakashiba, sasa wanashushia kwa paka!"

Kicheko kikageuka upande. Mtu wa nyuma akapiga makofi. Mwingine akasema, "Mwambie mzee, mwambie!" Mama mmoja akaanza habari ya kuku wake aliyepotea mwaka juzi. Mzee alihisi kifua kinapanuka. Tangu azaliwe alikuwa akilalamika peke yake kama redio iliyosahaulika dirishani; leo watu wamesogeza viti.

Mwenyekiti alingoja kelele zitulie. "Wale vijana waliagizwa mbwa, mzee wangu, si paka. Umemtafuta vizuri nyumbani?"

"Nyumba yangu naijua mpaka misumari yake."

"Una hakika wamemchukua?"

Aliangalia zile nyuso. Angeweza kusema, sina hakika. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza. "Nimemwona Bwana Fagio kwa macho yangu," alisema, "ameshika gunia."

Hakuwa ameona gunia lolote.

Maneno yana miguu. Kabla ya siku mbili kwisha, watoto walikuwa wakilirushia gari la usafi matope na kulia nyau nyau, na kule makao makuu ya manispaa wakubwa, wasiopenda makelele yawakute, wakamwambia Bwana Fagio akae nyumbani mpaka jambo lijulikane. Wakubwa wakitaka kuonekana wanafanya kazi, humtoa aliye chini kabisa. Habari hizo mzee alizipata kwa fundi cherehani, pale kibarazani.

"Umemweza," fundi alisema. "Yule ana wazazi wawili anawalisha."

"Ajibu yeye kwa alichofanya," alisema mzee, na chai aliyokuwa anakunywa ikakosa ladha.

Ndani nako hakukuwa na raha. Mvua ilikuwa imeanza, na mahali palepale pa kila mwaka, juu ya meza, bati lilikuwa linavuja. Aliweka ndoo ya plastiki ikapokea, tup, tup. Na darini kulikuwa na kitu. Kilikwaruza upande wa uani, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Panya, alisema. Lazima waje, takataka zote zile za uchochoroni haziondolewi! Alichukua fagio, akaligeuza, akaligonga dari kwa mpini kwa nguvu zake zote. "Tulieni huko!"

Kukawa kimya. Aliridhika. Kesho yake kukwaruza kulikuwa kudogo zaidi, akasema, wameniogopa.

*

Siku waliyokuja wageni, binti yake alikuwa amefika. Alikuwa dobi upande wa pili wa mji, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji kama ya marehemu mamake, na alikuja kumfulia baba mashuka akakuta mvua imefunga. Akawa anakunja nguo mbichi, ananuna.

Mlango ukabishwa. Mwenyekiti wa mtaa aliingia akikunja mwavuli, na nyuma yake, akiinama ili asigonge kizingiti, Bwana Fagio. Hakuwa amevaa kofia wala koti la kazi. Shati la nyumbani lilimfanya aonekane mdogo, mtoto wa mtu.

"Shikamoo mzee," alisema Bwana Fagio.

"Marahaba," alijibu mzee, akitazama pembeni.

"Tumekuja tumalize jambo hili vizuri," alisema mwenyekiti akiketi. Kwa bahati mbaya alikalia kiti cha marehemu, hakuna aliyemwambia. "Mimi sikuja kugombana. Nataka tu unieleze huyo paka alivyo, na hilo gunia lilivyokuwa, niwapelekee huko juu. Huyu kijana anasema hajawahi kushika paka."

"Mimi paka hunitoa mafua," alisema Bwana Fagio kwa sauti ndogo. "Hata nyumbani hatufugi."

"Kila mtu akikamatwa ana mafua," alisema mzee.

"Baba!" alisema binti.

"Gunia lilikuwa la rangi gani?" aliuliza mwenyekiti.

Mzee alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa rangi. Alijua tofauti ya kijivu cha hospitali na kijivu cha mahakama. Sasa alitafuta rangi ya gunia na hakuna iliyomjia. "La... la kawaida," alisema.

Juu yao kitu kikakwaruza.

"Kuna nini darini?" aliuliza mwenyekiti.

"Panya. Panya wenu nyinyi. Zoeni takataka mtaona kama watakuwepo."

Mvua ikazidi. Ndoo ya plastiki ilikuwa imejaa. Binti akainyanyua kwenda kuimwaga, na kwa kuwa matone hayangoji, akatupa jicho la haraka jikoni, akaona kitu kinang'aa nyuma ya pipa la unga. Akakitwaa, akakisukuma mezani chini ya tone.

Tin. Tin. Tin.

Kutoka darini kikatoka kilio.

Hakikuwa kilio cha panya. Kilikuwa chembamba, kimekauka, cha kiumbe aliyekuwa ameshakata tamaa na sasa anaitwa. Tin, lilisema bakuli. Na kule juu kilio kikajibu, kikasogea, kikaja mpaka juu ya meza, kikawa kinakwaruza palepale wanapotazama.

Binti alibaki na ndoo mkononi. Mwenyekiti aliangalia dari, kisha, kwa upole ambao mzee hangeusahau, akaliacha dari na kumwangalia yeye. Bwana Fagio peke yake ndiye aliyetazama sakafu, kana kwamba aibu ilikuwa ya kwake.

Mzee aliona mambo yote mara moja. Aliona ngazi, mkewe chini ameshika bakuli. Ngoja kwanza. Ngoja nimwone. Aliiona mikono yake mwenyewe na nyundo, misumari inazama vizuri, na mtu anasema, safi. Aliona mpini wa fagio.

"Baba," binti alisema taratibu, "ubao wa mvua umeupiga lini?"

Mzee alitoka nje mvuani bila kofia.

*

Alipanda vidato viwili, nyundo ikamponyoka, ikaanguka kwenye matope. Bwana Fagio aliiokota, akaifuta kwenye shati lake la nyumbani. "Shuka mzee. Nishikie ngazi tu."

Akashika ngazi. Alisimama palepale mkewe alipokuwa akisimama kila mwaka, maji yanamtiririka usoni, akitazama nyayo za mtu aliyemsingizia. Kutoka hapo chini aliona kitu ambacho yule wa juu haoni: kwamba anayeshika ngazi ana nafasi ya kutazama pande zote.

Misumari ilikuwa imeingia kweli. Bwana Fagio aling'ang'ana nayo, akipiga chafya. Ubao ulipoachia, aliugeuza aone kama umevunjika, na mzee akauona upande wake wa ndani. Ubao ulikuwa umechimbwa. Mistari myeupe, mipya, mingi, ilikuwa imezunguka kila msumari, na kwenye mmoja kulikuwa na damu kidogo iliyokauka.

Mkemwenza alitoka. Hakuwa mweupe tena, alikuwa rangi ya vumbi na mabuibui, mbavu zinahesabika. Alipita begani kwa Bwana Fagio, akaruka chini, akampita mzee miguuni, na safari hii hakumtazama. Alikwenda kwenye dimbwi, akanywa, akanywa, kisha akageuka akaanza kulilia lile pengo.

"Kuna watoto," alisema Bwana Fagio kwa sauti iliyoziba kwa mafua. Aliwashusha mmoja mmoja ndani ya shati lake. Wawili walikuwa wakisogea. Wa tatu alikuwa baridi, na huyo alimshusha kwa uangalifu uleule, akamweka kwenye kiganja cha mzee, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumweka.

"Kila mwaka anazalia huko," binti alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Mama ndiyo maana alikuwa analipiga bakuli. Ahakikishe yuko nje na wanawe kabla hujapiga msumari."

"Nilidhani anamwita kula. Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, baba. Alikuambia nikisikia. Ulikuwa unamsema mwenye kiwanda cha misumari."

"Hata hivyo," alianza mzee, "kama wasingepita na lile gari siku ileile..." Alikiangalia kile kilichokuwa kiganjani mwake, chepesi kama soksi ya mtoto, na sentensi ikabaki hapohapo, haina pa kwenda.

Mwenyekiti alifungua mwavuli. Kama angegomba, ingekuwa nafuu. "Basi, jambo limejulikana," alisema.

"Mama mwenyekiti, nitakuja ofisini. Nitakueleza vizuri. Tutakaa mimi na wewe..."

"Mzee wangu," alisema, "hukulisema mimi na wewe. Ulilisema mbele ya watu. Kalitoe ulipoliweka." Akaondoka na Bwana Fagio chini ya mwavuli mmoja, yeye mfupi ameuinua juu, yule mrefu ameinama, anapiga chafya mpaka kona ya taa iliyokufa.

*

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kiti cha marehemu kilikuwa kitupu tena, na safari hii alijua kwa nini. Paka hahitaji kuambiwa. Alikuwa amewabeba wanawe shingoni, mmoja baada ya mwingine, akawahamishia kwa fundi cherehani, ndani ya kikapu cha vipande vya nguo.

Saa ya maji, bombani palikuwa pamejaa. Walikuwepo wa ndoo na wa madumu, yule aliyepiga makofi, yule wa kuku wa mwaka juzi. Bwana Fagio naye alikuwepo, anasubiri zamu na dumu la wazazi wake, na watoto wawili nyuma yake wanalia nyau nyau kwa sauti ya chini. Mzee alitoka kwake na bakuli la bati mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Aliwaza kurudi. Alifika mpaka kugusa mlango.

Akalipiga. Tin, tin, tin. Watu wakageuka. Akafungua mdomo, na sauti iliyokuwa ikitosha kuzituhumu serikali ikatoka kama ya mgonjwa.

"Mkemwenza."

Mtu akaguna.

"Mkemwenza!" alirudia, sasa kwa nguvu. "Njoo, Mkemwenza!"

Bomba lote likacheka. "Mzee Lawama amekimbiwa!" alisema mmoja, na jina lenyewe, lililofichwa miaka yote, likaanguka mbele yake mchana kweupe. "Mzee, wamekurudishia? Gunia wamelifungua?"

"Hawakumchukua," alisema.

"Nini? Hatusikii!"

"Hawakumchukua! Gunia halikuwepo. Nilimpigilia misumari mimi, darini kwangu. Alikuwa anakwaruza, nikamgongea kwa fagio." Maji yaliendelea kutiririka kwenye ndoo ya mtu, yakafurika, na mwenyewe hakuyafunga. "Huyu kijana nimemsingizia. Yeye ndiye aliyemtoa."

Angependa mtu aseme kitu. Walipomshangilia walikuwa na maneno mengi. Sasa yule wa makofi alikuwa akichunguza mfuniko wa dumu lake, na mama wa kuku alitazama mbali. Watoto wakaacha kulia nyau. Hakuna mtu aliyemtukana, na hakuna aliyesema, haidhuru mzee. Bwana Fagio alisogeza dumu lake chini ya bomba, zamu yake ilikuwa imefika. Alipopita na mzigo alisema tu, "Asante mzee," kama mtu anayepokea chenji yake, na akaenda zake.

"Mtaro lakini umeziba kweli," mzee alisikia mdomo wake ukisema, kwa mazoea, na akatamani ayarudishe maneno.

Mkemwenza alikuwa ametokeza kizingitini kwa fundi cherehani. Alikuwa amesikia bakuli. Alikaa, akaukunja mkia kwenye miguu, akamtazama. Mzee akachuchumaa, akapiga tena, pole pole. Paka aliyatega masikio. Kisha kule kikapuni kitu kikalia chembamba, naye akageuka akaingia ndani.

Mzee akavuka uchochoro, akaliweka bakuli kwenye kizingiti.

"Unaliacha?" aliuliza fundi cherehani. Leo hakuwa na mzaha.

"Ndilo lake. Akila kwenye plastiki hatakuwa amekula."

"Atarudi, jirani. Watoto wakikua."

"Akipenda."

Nyumbani alisimamisha ngazi. Ubao wa mvua ulikuwa umeegemea ukuta, upande wa mikwaruzo nje. Aliugeuza, kisha akaugeuza tena, akauacha ulivyokuwa. Akapanda, akapangusa vumbi kwenye pengo kwa mkono, akashuka bila kupigilia kitu.

Jioni ikaja mvua ya upepo. Ilipenya pale kama alivyojua itapenya, na dari likaanza kuchora ramani, kwanza ndogo, halafu nchi nzima. Aliketi akiitazama. Tone la kwanza lilipoanguka mezani, alifungua mdomo, akamtafuta wa kumtaja. Akaufunga, akainuka kuchukua ndoo.